Fimbo ya pool iliyoharibiwa na fundi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Fimbo nyingi ninazoletewa hazikuharibiwa na mchezo. Zimeharibiwa na matengenezo. Mtu amepeleka fimbo ibadilishwe ngozi tu, akarudishiwa fimbo nyembamba kuliko aliyoipeleka, feruli ina ufa, na mti umejaa madoa ya gundi. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi na wachezaji hapa Dar es Salaam na kwingineko.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Ngozi ni ile tipu ya mbele inayogusa mpira. Feruli ni kipande cha shaba au cha plastiki nyeupe kinachokaa kati ya ngozi na mti. Shafti ni nusu ya mbele ya fimbo, kitako ni nusu ya nyuma, na jointi ni pale nusu hizo zinapofungwa kwa skrubu.

Fimbo imerudi kutoka kwa fundi na siichezi tena kama zamani. Nitajuaje kama imeharibiwa au ni mkono wangu tu?

Pima kabla hujamlaumu mtu. Azima vernia, kile kifaa cha kupimia unene kwa milimita, kwa fundi mkereza yeyote, pima unene wa shafti mara tu baada ya feruli, kisha kila baada ya sentimita 5 ukirudi nyuma mpaka ufike sentimita 40. Fimbo za mtindo wa Kimarekani, zile za mipira yenye namba, kwa kawaida huwa na milimita 12.5 mpaka 13 mbele, na nyingi hukaa na unene huo au unaokaribiana nao kwa sentimita 25 mpaka 35 kabla hazijaanza kunenepa. Fimbo za Kiingereza zenye feruli ya shaba huwa na milimita 8 mpaka 9.5 mbele, na hunenepa polepole tangu mwanzo. Katika aina zote mbili, unene haupaswi kushuka ghafla wala kupanda ghafla. Ukikuta fimbo ya Kimarekani ina 12.3 nyuma ya feruli na 12.9 sentimita 5 ukirudi nyuma kutoka hapo, basi pamepigwa msasa, na aliyeupiga hakuwa anatazama kipimo.

Kama huna vernia, fumba macho ushike shafti kwa kidole gumba na cha shahada, uvute taratibu kutoka sentimita 20 kuja mbele. Vidole husikia hata robo ya milimita. Ukisikia kibonde karibu na feruli umeshapata jibu. Pitisha pia ukucha pale mti unapokutana na feruli: ukucha haupaswi kukwama. Ukikwama, ama mti umeliwa ama feruli imewekwa ya saizi isiyo yake.

Watu huniuliza nusu milimita inasumbua nini. Inasumbua sana. Ukiupiga mpira mweupe pembeni ili uzunguke, hauendi sawasawa kule fimbo ilikoelekezwa. Unakwepa kidogo kwenda upande wa pili. Kiasi cha kukwepa kinategemea zaidi uzito wa sentimita 15 hivi za mwanzo wa shafti. Umecheza na fimbo hiyo miaka, na jicho lako limejifunza kukisahihisha kiasi hicho bila wewe kufikiri. Fundi akipunguza mti wa mbele, au akiweka feruli nzito kuliko ya zamani, kiasi kinabadilika na jicho bado linafuata hesabu ya zamani. Ndiyo maana mchezaji hukosa mipira ya kuzungusha tu, ile ya katikati anaiingiza kama kawaida.

Baada ya hapo kagua unyoofu. Wengi huviringisha fimbo juu ya meza ya baa kisha wanatangaza imepinda. Kile kitambaa si kipimo. Tafuta kioo kilicholala bapa. Viringisha shafti peke yake, kitako peke yake, halafu fimbo nzima ikiwa imefungwa. Tazama mwanga unaopita chini ya shafti inapozunguka. Mwanya ukibaki vilevile muda wote, shafti imenyooka. Ukiwa unafunguka na kufunga, imepinda. Kila nusu ikinyooka peke yake lakini zikifungwa fimbo inayumba, ugonjwa uko kwenye jointi, na hapo usikubali mtu aiguse shafti.

Shafti imeshapunguzwa. Inaweza kurudishwa unene wake?

Hapana. Mti uliotolewa haurudi, na jambo hili ndilo linalotakiwa kuongoza kila uamuzi wako kuhusu fimbo. Ngozi hubadilishwa, feruli hubadilishwa, hata skrubu hubadilishwa. Mti wa shafti unaisha tu.

Una njia tatu. Kama kibonde ni kidogo na mkono wako hausumbuki, icheze hivyohivyo uizoee upya. Kama kinakukera vidoleni, fundi mwenye mashine anaweza kuipunguza sehemu iliyobaki ilingane na pale palipoliwa, na utakuwa na shafti nyembamba kuliko ya mwanzo lakini iliyo laini na sawa. Njia ya tatu ni kununua shafti nyingine yenye skrubu inayolingana na kitako chako, na kwa fimbo unayoipenda hii ndiyo njia ninayoipendekeza. Atakayekuambia atajazia kwa vanishi au gundi kisha apige msasa, mchukulie fimbo yako uondoke. Kile alichojazia kitabanduka, na atakuwa amekula mti mwingine akisawazisha.

Ngozi mpya inaruka baada ya siku chache. Fundi anasema ni gundi mbaya. Ni kweli?

Mara chache sana. Super glue ya kawaida ya dukani inashika ngozi vizuri ikiwekwa juu ya uso safi, bapa na mkavu. Ngozi inaporuka, iokote uiangalie chini. Ukiona gundi imeshika kingo tu na katikati pakavu, uso mmoja ulikuwa na shimo au mwinuko. Ukiona gundi ya zamani, ya rangi nyingine, imeng'oka pamoja na mpya, basi fundi alibandika juu ya uchafu. Ukiona ngozi yenyewe imechanika katikati na nusu imebaki kwenye feruli, gundi ilifanya kazi yake. Ngozi ndiyo dhaifu.

Kazi hii ikifanywa vizuri inakwenda hivi. Ngozi ya zamani inakatwa kwa wembe, kisha gundi iliyobaki inakwanguliwa mpaka uonekane weupe wa feruli au mng'aro wa shaba. Uso unasawazishwa uwe bapa kabisa. Utaujua kwa kuegesha ukingo wa rula ya chuma juu yake na kutazama upande wenye mwanga: mwanga usipenye popote. Mgongo wa ngozi mpya nao unasuguliwa juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo, kwa sababu ngozi nyingi hutoka dukani zikiwa na mwinuko kidogo. Gundi iwe ile nzito, kwa kuwa ile nyepesi kama maji hunywewa na ngozi na kuigeuza ngumu kama plastiki. Ngozi inayonunuliwa iwe pana kuliko feruli kwa nusu milimita hivi, ili baada ya kukauka ipunguzwe ilingane.

Kwenye kupunguza huko ndiko shafti nyingi huliwa. Fundi mvivu huzungushia msasa kwenye ncha nzima, akasugua ngozi, feruli na mti kwa pamoja mpaka vilingane. Kila ngozi mpya inaondoka na mti kidogo, na baada ya ngozi tano au sita fimbo ya milimita 13 imefika 12.4. Anayejua kazi huvisha feruli utepe wa karatasi, akaigeuza fimbo kichwa chini, akabonyeza ngozi juu ya ubao na kuikata kwa wembe mpya akielekea ubaoni, wembe ukiwa umelala kwa ubavu wa feruli bila kuichimba. Kinachobaki ni unyoya mdogo wa ngozi, anaulowanisha kwa maji na kuusugua kwa kipande cha ngozi kikavu mpaka ubavu ung'ae. Mti haujaguswa hata mara moja.

Umbo la juu nalo lina kipimo chake. Wachezaji wengi wa fimbo nene hufuata mviringo wa sarafu yenye kipenyo cha milimita 21 au 18, sawa na sarafu za Marekani za senti 5 na senti 10. Ngozi iliyoachwa bapa itakuteleza unapozungusha mpira.

Mtaani kwetu hakuna fundi wa fimbo. Nipeleke kwa seremala au kwa mkereza vyuma?

Inategemea kilichoharibika. Seremala mzuri anaelewa mti na gundi, na anaweza kukusaidia mpasuko mdogo wa kitako. Hana namna ya kuhakikisha kitu kiko katikati kabisa, kwa hiyo feruli na skrubu usimpe.

Mkereza ana mashine na ana kipimo, na wengi wao ni watu makini kwelikweli. Tatizo ni kwamba amezoea chuma. Makucha ya mashine yake yakikaza shafti moja kwa moja yataacha alama tatu mtini ambazo hazitoki. Kama huna mwingine, kaa naye. Mwombe atengeneze kwanza bushi ya plastiki iliyopasuliwa ubavuni, shafti ikae ndani yake, makucha yabane bushi. Mwambie pia unataka uso wa feruli usawazishwe tu na ngozi ikatwe, asiguse mti. Mkereza aliyeelezwa hivyo hufanya kazi safi kuliko mtu anayejiita fundi wa fimbo lakini ana msasa na gundi tu mfukoni.

Fimbo inalia au inatikisika kwenye jointi baada ya kutengenezwa.

Anza na mambo madogo. Mlio unaweza kutoka kwenye mpira wa chini ya kitako, kwenye chuma cha uzito kilicholegea ndani, au kwenye feruli iliyoachia gundi. Gonga kitako taratibu kwenye kiatu chako huku umekishika sehemu mbalimbali. Ukishika pale panapolia, mlio utakatika.

Jointi yenyewe huharibiwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kulazimisha skrubu isiyolingana. Skrubu za fimbo za Kimarekani huandikwa kwa inchi: 5/16x18 maana yake kipenyo ni inchi 5/16 na meno ni 18 katika kila inchi. Kuna pia 5/16x14, 3/8x10 na nyinginezo. 5/16x18 na 5/16x14 zinafanana kabisa kwa macho, na mtu akizilazimisha zinaingia mizunguko miwili kisha meno ya ndani ya shafti yanakatika. Shafti ikikataa kuingia kwa vidole viwili, iache.

Namna ya pili ni skrubu iliyolegea kurudishiwa kwa gundi ya Araldite bila kuwekwa katikati. Ikikauka imeinama hata kidogo tu, ncha ya fimbo iliyo sentimita 70 kutoka pale inayumba vibaya. Fundi mwingine akiona hivyo huchukua tupa akakwangua uso wa jointi ili "ikae". Sasa zimekuwa kasoro mbili. Kazi hii inarekebishika, lakini kwa mashine tu: skrubu inapashwa joto itoke, tundu linajazwa na kutobolewa upya katikati. Kama ni fimbo ya bei nafuu, gharama hiyo haina maana. Nunua kitako kingine.

Shafti imepinda. Fundi anasema ataipasha moto na kuinyoosha.

Usikubali moto wala mvuke. Shafti nyingi ni za mti wa mepo au wa ashi, miti ya nchi za baridi, iliyokaushwa kwa uangalifu kabla ya kukatwa. Mti hupinda kwa sababu upande mmoja una unyevu tofauti na mwingine, au kwa sababu nyuzi zake hazikwenda sawa tangu mwanzo. Moto unaukausha ghafla na unaulainisha kwa muda. Siku ya kuichukua utaiona imenyooka kama mshale, na ikikaa Dar es Salaam kwenye unyevu wa pwani wiki chache, inarudi palepale.

Kupinda kidogo, unakoona kwenye kioo lakini hukusikii mchezoni, kuache kulivyo. Kupinda kunakoonekana kwa macho ukiwa umeinama kupiga, badilisha shafti. Na fimbo isiachwe kwenye buti la gari juani, wala isiegeshwe ukutani usiku kucha. Ilaze, au iweke kwenye mfuko wake mgumu.

Fundi amepaka vanishi ya fanicha kwenye shafti. Inanata mkononi.

Shafti haihitaji vanishi nene. Iko vile ili iteleze mkononi, na vanishi ya milango ikikutana na jasho inanata. Habari njema ni kwamba hapa hakuna kilichopotea bado, mradi usiiondoe kwa msasa mkali. Futa kwa kitambaa chenye spiriti au kiyeyusho kinachofaa vanishi hiyo, kidogokidogo, ukikwepa feruli ya plastiki. Kisha msasa laini sana, namba 1500 au 2000, mara moja au mbili tu, na mwisho sugua kwa kipande cha ngozi kavu.

Kwenye fimbo za ashi, zile zenye mistari ya mti inayoonekana kama mikuki, vanishi huziba vijishimo vya mistari hiyo na haitoki yote. Paka mafuta kidogo ya mbegu za kitani, futa yakauke. Itapendeza tena ingawa si kama mwanzo.

Fimbo imevunjika. Inaungika?

Ikivunjika katikati ya shafti, hapana. Ikipasuka kwa urefu kwenye kitako, mara nyingi ndiyo, kwa gundi nzuri na vibanio vya kutosha, mradi umeileta na vibanzi vyote. Usimpe mtu aanze kwa super glue: ikishaingia kwenye mpasuko, gundi ya mbao haitashika tena.

Wengine hukata palipovunjika na kucheza na fimbo fupi. Kanuni za vifaa za WPA, chombo kinachosimamia pool duniani, zinataka fimbo isipungue milimita 1,016 na ngozi isizidi kipenyo cha milimita 14, kwa hiyo fimbo iliyopunguzwa kidogo bado ni halali mashindanoni. Mizani yake ndiyo itakuwa imehama.

Fundi wangu anajua fimbo za mbao. Nimpe shafti ya kaboni?

Mwulize kwanza anaivaa vipi barakoa. Vumbi la kaboni linawasha ngozi na si la kuvutwa puani, na mtu anayeipiga msasa mezani kwake bila kujikinga hajui alichokishika. Shafti ya kaboni haipigwi msasa kabisa. Kinachobadilishwa ni ngozi, kwa wembe unaokaa mbali na ubavu, kwa sababu mkwaruzo mmoja hautoki. Usafi ni kitambaa na spiriti kidogo.

Shafti za kisasa za mbao zilizotobolewa ndani upande wa mbele ili ziwe nyepesi zinahitaji tahadhari hiyohiyo. Kuta zake ni nyembamba, na fundi asiyejua kuna tundu ndani anaweza kuipasua akibonyeza feruli mpya.

Nina fimbo ya zamani ambayo feruli yake ni ya pembe. Nani ataitengeneza?

Hapa naomba uwe mwangalifu kuliko popote pengine. Fimbo za zamani za Ulaya na Marekani ziliwekwa pembe za ndovu kwenye feruli na jointi, na mipira ya biliadi yenyewe ilichongwa kwa pembe. Nyingi zilitoka huku kwetu: misafara iliyoshuka Bagamoyo na Zanzibar katika karne ya 19 ilibeba pembe zilizoishia kwenye vinanda na meza za biliadi ng'ambo. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 1989, mwaka uleule Kenya ilipochoma tani 12 za pembe. Mwaka 2016 ikachoma tani 105.

Kwa hiyo fundi akikuambia anaweza kukupatia kipande cha pembe cha kurekebishia, huyo anakuingiza kwenye kosa la jinai Tanzania na Kenya pia, lenye adhabu nzito. Badilisha kwa plastiki ngumu ya feruli. Inacheza vizuri vilevile, na haipasuki kwa urahisi kama pembe. Wala usivuke mpaka na fimbo hiyo kabla hujauliza mamlaka ya wanyamapori.

Basi nimchague fundi vipi?

Tazama kwanza anachofanya unapompa fimbo mkononi. Fundi wa kweli huikagua kabla hajakutajia bei. Ataizungusha, ataitazama kwa urefu akiwa amefumba jicho moja, atapitisha ukucha kwenye feruli, na kama ni mzuri atachukua vernia akuandikie unene wa mbele. Anayetaja bei akiwa bado anaongea na mtu mwingine, fimbo ikiwa kwapani, atakutengenezea hivyohivyo.

Mwulize hivi: "Fundi, ukimaliza kubadilisha ngozi, unene wa mti utakuwa ngapi?" Jibu unalolitaka ni "uleule". Akisema utapungua kidogo tu, umeshapata habari yote. Mwulize pia anaifungaje shafti kwenye mashine, na feruli anaitoaje. Asiyependa kuulizwa si lazima awe mbaya, wapo mafundi wasiopenda maneno mengi, lakini awe tayari kukuonyesha kazi aliyoimaliza. Iombe uishike. Tazama mpaka kati ya ngozi na feruli: mstari wa gundi uwe mwembamba kiasi cha kutoonekana. Tazama uso wa jointi kama una alama za tupa.

Kuna jambo ninalolithamini kuliko mashine ya bei: fundi anayesema "hii siiwezi." Anayekubali kila kazi, kaboni, pembe, kupinda, kuungwa, kupakwa rangi, anajifunzia kwenye fimbo yako. Sifa za kijiweni nazo zichuje. Mchezaji hodari anaweza kumsifu fundi kwa sababu ni rafiki yake, au kwa sababu humtengenezea bure. Mwulize mtu ambaye fimbo yake imepita kwa fundi huyo mara tatu au nne na bado ina unene wake. Huyo ndiye shahidi.

Anza naye na kazi ndogo. Mpe ngozi kwenye fimbo ya akiba, usianze na fimbo ya mashindano.

Nifanye nini kabla sijaiacha fimbo kwake?

Ipige picha nzima, ncha kwa karibu, uso wa jointi, na alama zozote za kipekee. Pima unene mbele yake, mwandikie kwenye karatasi au umtumie kwa WhatsApp: unene, kazi iliyokubaliwa, bei, siku ya kuchukua, na sentensi moja tu, "mti usipigwe msasa." Acha nusu anayohitaji pekee. Kama kazi ni ngozi, kitako kibaki kwako. Shafti kubadilishwa na nyingine hutokea, na hutaweza kuthibitisha bila picha za mistari ya mti, ambayo haifanani kwenye shafti mbili.

Ameshaiharibu. Nimdai vipi?

Usiirudishe kwake aitengeneze tena kabla hujaipima na kuipiga picha. Wengi hukosea hapo: wanairudisha kwa hasira, fundi anakwangua tena, na ushahidi unaisha pamoja na mti.

Kisha nenda kwa utulivu, na ikiwezekana mchukue mzee au mchezaji mnayeheshimiana naye wote wawili. Mwonyeshe vipimo vya kabla na baada. Dai kitu kimoja kinacholipika: bei ya shafti inayolingana, au kurudishiwa ulicholipa kama uharibifu ni mdogo. Mafundi wengi hukubali wakiona wameandikiana kitu. Akikataa, Tanzania unaweza kuanzia kwa mjumbe na serikali ya mtaa kabla ya Mahakama ya Mwanzo. Kenya kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayopokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Kwa fimbo ya kawaida sikushauri ufike huko. Muda wako utagharimu kuliko shafti. Kwa fimbo ya thamani kubwa, karatasi ile uliyomwandikia ndiyo kesi yako.

Kazi zipi nizifanye mwenyewe?

Kusafisha shafti kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na kuikausha papo hapo. Kukwaruza kidogo ngozi iliyong'aa ishike chaki tena. Kupandisha kibonyeo kidogo cha mti usio na vanishi: weka tone la maji, liache linywewe, kisha gusa kwa kijiko chenye joto juu ya kitambaa kibichi mpaka mti uvimbe urudi. Ngozi mpya pia unaweza kuibandika, ukijifunza kwanza kwenye fimbo chakavu ya baa. Feruli na jointi mwachie mwenye mashine.

Ndugu yangu anaishi Marekani. Nimpe aipeleke kwa fundi wa huko?

Kama fimbo ina thamani, ni wazo zuri. Huko kuna mafundi waliojisajili kwenye American Cuemakers Association, na anaweza kuanzia kwao. Afunge fimbo kwenye mkebe mgumu na aiweke kwenye mzigo wa chini, kwa sababu Marekani fimbo za pool haziruhusiwi ndani ya kabini, na viwanja vya ndege vingine huzuia vilevile. Mwandikie vipimo vyako na aina ya skrubu ya jointi kabla hajasafiri, na umwombe fundi wa kule amrudishie vipande vyote atakavyovitoa, pamoja na feruli ya zamani.